Sura ya 7: Chumvi Chini ya Gari

Januari ya kwanza niliyokuwa na Land Rover yangu, Series III ya mwaka 1972, nilijilaza chini yake juu ya kipande cha boksi nikaanza kuigonga chasisi kwa mpini wa bisibisi. Huku mbele ililia vizuri, ngo, ngo, mlio wa chuma kizima. Nilipofika nyuma, karibu na pale springi inapofungwa, mlio ukawa butu, kama wa kugonga ubao uliolowa. Nikaigeuza bisibisi na kuisukuma kwa vidole viwili tu. Ikazama mpaka mpinini. Pale tundu lilipofunguka yakanimwagikia matope mekundu na maji ya baridi, na nilipojipangusa mdomo nikasikia ladha ya chumvi.

Juu, gari lilikuwa linang'aa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, kwa sababu magari haya yalipoanza kuundwa mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, matokeo ya vita. Ndiyo maana kwetu utasikia watu wakiapa kwamba Land Rover haishiki kutu. Kiapo hicho ni nusu ya ukweli. Bodi imekalia chasisi ya chuma cha kawaida, na chasisi yenyewe ni bomba la pembe nne lililochomelewa, tupu ndani. Matope yakishaingia humo hayana haraka ya kutoka. Hata ile aluminiamu haisalimiki: inapogusana na chuma huku maji ya chumvi yakiwa katikati, yenyewe ndiyo inayoliwa, na pembezoni mwa milango utaona unga mweupe umetuna chini ya rangi.

Naishi Sheffield, mji ambao Harry Brearley alitengenezea chuma kisichoshika kutu mwaka 1913. Siku ile nililifikiria hilo nikiwa bado nimelala kwenye boksi, na sikucheka.

Chumvi hii si ya bahari. Jioni ambayo utabiri unasema barabara zitaganda, malori hupita yakiimwaga, ya rangi ya kahawia kwa sababu ya udongo uliochanganyika nayo. Nyingi inachimbwa chini ya ardhi huko Winsford, Cheshire, mgodi uliofunguliwa mwaka 1844. Kazi yake ni kuyazuia maji yasigande. Maji safi huganda kwenye sifuri. Maji yaliyoshiba chumvi huvumilia mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa barabarani nguvu yake hupungua sana kukishapita nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo pale ambapo pangekuwa na barafu panabaki na tope la maji. Dereva hatelezi, na hilo ni jambo jema, ila gari linakwenda safari nzima likiogeshwa kutoka chini.

Sasa tuingie ndani ya chuma. Kutu ni kazi ya betri ndogo. Sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni, sehemu ya jirani huzipokea kwa msaada wa oksijeni, na maji yaliyo kati yake ndiyo yanayokamilisha njia ya umeme. Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Ya chumvi huupitisha bila taabu, na betri inafanya kazi kwa kasi. Kinachozaliwa kina vinyweleo, kinaruhusu maji kwenda chini zaidi, tena kinajaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu rangi huvimba kama lengelenge kabla hujaona tundu lolote. Lengelenge likionekana, jua kazi ilianza zamani upande wa pili.

Lakini ubaya mkubwa wa chumvi, kwa maoni yangu, ni kwamba haikubali kukauka. Aliyekulia Tanga au Mombasa anaijua chumvi ya mezani inavyoganda kichupani, mpaka watu wanatia punje za mchele. Hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi huvuta maji kutoka hewani yenyewe. Majira ya baridi ya Uingereza hupita kiwango hicho siku nyingi. Gari ulilolilaza ndani ukidhani litakauka, linaendelea kulowana likiwa limesimama.

Hapo ndipo wapenzi wengi wa magari ya kale hukosea. Wanaliingiza gari lililojaa chumvi kwenye gereji yenye joto, wanafunga mlango, wanalifunika turubai la nailoni. Joto huharakisha kutu, na nailoni huzuia unyevu usitoke. Banda lililo wazi pande mbili, upepo unapita, lina faida kuliko gereji hiyo. Wala siamini katika kulifungia gari miezi mitano. Breki hukwama, mipira hukakamaa. Liendeshe, ila ukirudi lioshe chini: mpira wa maji wenye shinikizo la wastani, maji ya vuguvugu kama unayo, ndani ya madigadi, juu ya ekseli, na ndani ya chasisi kupitia matundu yake mpaka yanayotoka yawe meupe. Ukifika hapo umefanya sehemu kubwa ya kazi.

Kinga hupakwa mwishoni mwa kiangazi, chuma kikiwa kikavu kweli. Mimi hutumia mafuta ya lanolini, yale yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, nikiyapuliza ndani ya chasisi kwa mrija mrefu. Hayakauki, na hutambaa kwenye maungio ambako brashi haifiki. Nta pia ni nzuri. Ninachokiogopa ni ile lami nyeusi inayopendwa na wauzaji wa magari. Siku ya kwanza inapendeza; baada ya miaka hupasuka, maji yakaingia nyuma yake, na humo hakuna jicho la mtu. Chasisi yangu ilikuwa imepakwa hiyo, tena imezibwa matundu ya kutolea maji.

Nyumbani pwani, ambako baridi haipo lakini upepo wa bahari upo, mafundi hupaka oili chafu. Inafanya kazi, sikatai. Ila hutonatona ardhini na huharibu bushi za mpira, na lanolini haina uchafu wa aina hiyo.

Mimi mwishowe niliibadilisha chasisi. Mpya ilichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi, kama mabati ya paa. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kibaki, hata palipokwaruzwa. Bado naiosha.

Na ikipita wiki ya chumvi, silitoi gari mpaka inyeshe mvua kubwa ya kusafisha barabara. Jirani yangu alinikuta mlangoni asubuhi moja ya Februari, mvua inapiga, mimi nimeshika funguo natabasamu. Akanitazama, akaitazama mvua, akarudi ndani.