Kununua Motokaa Iliyotumika: Shauri kwa Mkulima Mwenye Fedha Kidogo

Wakulima wengi wafikao ofisini petu kuuliza habari za mbegu au dawa ya wadudu wa miembe hawaondoki pasipo kuuliza swali la pili: "Karani, nimeweka akiba kidogo. Ninunue gari gani dogo, lisilokunywa petroli nyingi wala kunipeleka kwa fundi kila wiki?" Swali hili huulizwa na watu wa Mtongwe na Shika Adabu upande wa Likoni, wa Mtopanga na Mwakirunge upande wa Kisauni, na wa Miritini na Mikindani upande wa Jomvu. Wote wana shida moja: mazao yako shambani, wanunuzi wako Kongowea au kisiwani, na mchicha haungoji.

Jibu fupi ni hili. Tafuta gari la kawaida, lenye injini ndogo, ambalo kila fundi analijua. Lipeleke kwa fundi wako mwenyewe kabla ya kulipa. Tena usitoe akiba yako yote siku ya kununua. Maelezo yanafuata hapa chini, lakini kwanza yatupasa kufanya hesabu, kwa sababu wako watu ambao gari haliwafai kwa sasa.

FANYA HESABU KWANZA

Chukua karatasi na kalamu. Tuseme mkulima wa Mwakirunge hupeleka mboga Kongowea mara 3 kwa wiki, na kila safari humlipa mwenye gari shilingi 1,000. Kwa mwaka ni safari 156, yaani shilingi 156,000. Mtu akiiona hesabu hiyo husema, "Bora ninunue langu."

Sasa tutazame upande wa pili. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 30. Kwa mwaka ni kilomita 4,680. Gari dogo lenye mzigo, likienda kilomita 12 kwa lita moja, litatumia lita 390. Tuseme lita ni shilingi 180; petroli peke yake ni shilingi 70,200. Ongeza bima shilingi 10,000, oili na vichujio shilingi 6,000, tairi na matengenezo shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 126,200. Kwa hiyo mkulima huyu ameokoa shilingi 29,800 tu kwa mwaka. Ikiwa alinunua gari kwa shilingi 400,000, itampasa kungoja zaidi ya miaka 13 ili fedha zake zirudi, na gari kuukuu halitangoja miaka hiyo yote.

Lakini akishirikiana na jirani watatu, kila mmoja akatoa shilingi 200 kwa safari, atapata shilingi 93,600 zaidi kwa mwaka. Tuseme bima ya kuchukua mizigo ya watu imemzidishia gharama kwa shilingi 15,000. Sasa faida yake ni shilingi 108,400, na gari litakuwa limejilipa kwa muda usiofika miaka minne. Hapo gari limekuwa chombo cha kazi. Angalia tu ya kwamba bima ya gari la nyumbani hailindi biashara ya kubeba mizigo kwa malipo. Mweleze mwenye bima ukweli, na uulize leseni zinazohitajiwa kabla ya kuanza.

Tarakimu hizi ni za mfano. Weka zako. Bei ya petroli hutangazwa kila mwezi tarehe 14 na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mtu wa Likoni aongeze nauli ya kivuko, kwa maana aendaye kwa miguu huvuka bure lakini gari hulipa. Akitaka kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu hatalipa kivuko, bali safari ni ndefu na petroli itazidi.

Ukiona hesabu yako haikubali, usione haya. Kukodi gari pamoja na wenzako ni akili, wala si umaskini.

GARI GANI?

Wako wanaopenda gari kwa umbo lake au kwa kuwa jirani hana mfano wake. Gari lisilo na mfano wake ni hasara kwa mwenye fedha kidogo. Likiharibika, spea haipatikani, au hupatikana kwa bei ya kuagiza mbali, na fundi hujifunza kazi kwa fedha zako. Gari lililojaa barabarani lina spea mpya na za mtumba katika maduka mengi, na hata kijana wa gereji ya jua kali hulifungua na kulifunga pasipo kubahatisha.

Kwa mkulima wa mizigo, gari linaloonekana sana katika Kenya ni Toyota Probox. Lilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Lina injini ya saizi 1,300 au 1,500, na sehemu ya nyuma iliyo pana na sawa. Huko Japani liliruhusiwa kubeba kilo 400 watu wawili wakiwa ndani. Twaona watu wakipakia mara mbili ya hapo, kisha hulaumu springi. Springi haina kosa.

Kwa mtu wa mizigo midogo, kama mama mwenye trei za mayai au kijana wa miche, gari la saizi 1,000 kama Toyota Vitz linatosha, na petroli yake ni kidogo zaidi. Mazda Demio, Nissan March na Honda Fit nayo ni magari madogo yanayojulikana. Uliza fundi wako analifahamu lipi zaidi, maana jibu lake lina thamani kuliko sifa za muuzaji.

Angalia pia giaboksi. Magari madogo mengi ya miaka ya karibuni yana giaboksi ya mkanda, iitwayo CVT. Huokoa petroli, lakini yataka oili yake maalumu. Akiwekewa oili ya namna nyingine huharibika, na kuitengeneza ni ghali. Probox za kabla ya mwaka 2014 zina giaboksi ya kawaida. Gia za mkono ni rahisi zaidi kutengeneza, nawe ukilipata gari la namna hiyo lililotunzwa usilidharau.

LA BANDARINI AU LA MWENYEJI?

Magari yaliyotumika huingia kwetu kwa bandari ya Mombasa, mengi yakitoka Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Juu ya bei ya ng'ambo kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na kodi ya VAT ya 16 kwa mia. Ndiyo sababu gari lililoshuka melini ni ghali, na mwenye fedha kidogo mara nyingi hununua gari ambalo limekwisha kutumiwa hapa hapa na mtu mwingine.

Ukinunua lililoshuka melini, omba karatasi ya mnada wa Japani. Humo gari hupewa alama: 4 au 4.5 ni nzuri, na herufi R ni dalili ya kuwa gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Soma pia kilomita zilizoandikwa katika hati za Japani, ukazilinganishe na zile zilizo katika mita ya gari. Mita hurudishwa nyuma. Gari linalosema limekwenda kilomita 60,000, na huku mpira wa pedali ya breki umelika na usukani umeng'aa kwa kushikwa, linasema uongo.

Ukinunua kwa mwenyeji, uliza sababu ya kuliuza, fundi wake ni nani, na oili ilibadilishwa lini. Mtu aliyelitunza gari hujibu bila kufikiri sana.

KULIKAGUA

Nenda asubuhi, kabla injini haijawashwa. Ukilikuta limekwisha pashwa moto, rudi siku nyingine. Usikague usiku wala wakati wa mvua, maana maji huficha rangi iliyopakwa upya. Kisha ufuate utaratibu huu:

1. Tazama chini. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, nayo hula chuma polepole. Magari mengine hutoka na kutu huko huko Japani, katika sehemu za theluji ambako chumvi hunyunyizwa barabarani. Gonga chesisi kwa kitu kigumu. Kutu ya juu si neno. Chuma kinachopukutika ni mwisho wa mazungumzo.

2. Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi yataka kubadilishwa tu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Liache gari hilo.

3. Fungua rejeta ikiwa baridi. Maji yawe safi. Ukiona mafuta yakielea, liache.

4. Washa injini, utazame moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi ni petroli inayopotea. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa moto ni maji yanayoingia ndani.

5. Soma tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 3521 maana yake ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi nne kuukuu ni gharama utakayolipa wewe, basi uitoe katika bei.

6. Liendeshe, au umpe fundi wako aliendeshe. Lipande kilima cha Changamwe, kisha lisimamishwe hapo kwa breki ya mkono peke yake. Likirudi nyuma, breki hiyo si breki.

Jambo hili la sita nalisema kwa uzito. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka katika kivuko MV Harambee pale Likoni, likazama mkondoni pamoja na mama na binti yake. Sisemi kwamba breki ndiyo iliyokuwa sababu. Nasema tu kwamba atakayevuka Likoni na watoto wake ndani ya gari hana ruhusa ya kusema, "Breki ya mkono nitaitengeneza mwezi ujao."

HATI

Gari linaweza kuwa zima na hati zikawa mbovu. Usitoe hata shilingi moja ya rubuni kabla ya kuuliza habari za gari hilo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) kwa njia ya eCitizen. Ada yake ni ndogo. Utaonyeshwa jina la mwenye gari. Lilinganishe na kitambulisho cha huyo anayekuuzia. Kisha linganisha nambari ya chesisi iliyo katika kitabu cha gari na ile iliyochorwa kwenye chuma. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, ondoka.

Likionekana jina la benki au la mkopeshaji pamoja na la muuzaji, gari hilo limewekwa rehani. Ukilinunua pasipo mkopeshaji kukubali kwa maandishi, huenda likachukuliwa kwako, nawe ukabaki na risiti.

Andikeni mapatano mbele ya shahidi, na fedha zipite benki au kwa simu ili pawe na kumbukumbu. Muuzaji ndiye aanzaye kuhamisha gari katika eCitizen, nawe hukubali upande wako. Fungu la mwisho la fedha litolewe jambo hilo likiwa limekamilika. Wala usilitie gari barabarani pasipo bima. Sheria yataka angalau ile inayowalinda watu wengine.

WEKA FUNGU LA TANO

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Gari langu la kwanza nililinunua kwa fedha zote nilizokuwa nazo. Muuzaji alikuwa na haraka, nami nikaona haya kumwita fundi, nisije nikaonekana simwamini. Mwezi wa pili giaboksi ilikataa gia ya pili. Sikuwa na kitu cha kulitengenezea, likakaa chini ya mwembe miezi saba huku nikipanda matatu kwenda kazini, na karo ya mtoto nikaiomba kwa kaka yangu. Gari halikuwa ghali. Mimi ndiye niliyelinunua bila akiba.

Basi, gawa fedha zako mafungu matano. Manne ndiyo bei ya gari, na fungu la tano lisiguswe. Mwenye shilingi 400,000 atafute gari la shilingi 320,000. Hizo 80,000 zitalipa fundi wa kukagua, bima, oili mpya, vichujio, plagi na tairi, kisha zitakazobaki zingoje lile lisilojulikana, ambalo kwa gari kuukuu halikosi kuja. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na kila mara urudipo kutoka kivukoni au njia za mchanga wa pwani, osha chini ya gari kwa maji baridi ili kuondoa chumvi.

Wazee walisema rahisi ni ghali. Tuongeze kwamba kuuliza si kumtukana muuzaji. Muuzaji mwema hatakasirika ukimwita fundi, na akikasirika amekwisha kujibu swali lako. Fedha hizo zilitoka katika nazi, mayai na mboga za miaka mingi. Lisinunuliwe gari ambalo mwakani litakulazimisha kuuza kipande cha shamba ili lipate kwenda.