Daktari Mpya Akipangiwa Kwetu



Watu wa Ngombezi na vijiji vya jirani huuliza mara nyingi: "Kila mwaka vijana wanahitimu udaktari. Mbona hospitalini bado madaktari hawatoshi?" Swali hilo ni la haki. Mwezi huu tulitazame pamoja.

Tulikotoka

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Mwaka 1963 kilifunguliwa chuo cha udaktari Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa miaka mingi kila aliyehitimu alipangiwa kituo na Serikali moja kwa moja. Katika miaka ya 1990 ajira serikalini zilibanwa, na utaratibu huo ukakatika. Tangu hapo kuhitimu ni jambo moja, kuajiriwa ni jambo jingine.

Mfano wa mwaka 2017

Madaktari wa hospitali za serikali nchini Kenya waligoma kuanzia Desemba 2016 kwa siku 100. Machi 2017 Kenya iliomba Tanzania madaktari 500, naye Rais John Magufuli akakubali. Wenzao wa Kenya walipinga mahakamani, na mpango ukasimamishwa. Mwezi Aprili Rais akaamua kwamba madaktari 258 walioomba kwenda Kenya waajiriwe mara moja hapa nchini.

Tunajifunza nini? Madaktari hao walikuwepo, wamesoma na wana vyeti, huku wagonjwa wakipanga foleni. Kumbe kilichopungua si wasomi tu. Kilichopungua ni nafasi za ajira, yaani fedha za mishahara.

Kumpata na kumbakiza

Daktari husoma miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi kabla ya kujitegemea. Akifika wilayani huweza kukuta zamu za usiku mfululizo, vifaa pungufu, hakuna nyumba, wala daktari mzoefu wa kumwuliza. Haishangazi akiomba uhamisho kwenda mjini. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, ililiona hilo: iliajiri wataalamu wa afya kwa mkataba kwa ajili ya wilaya zenye shida, na baadaye ikajenga nyumba za watumishi vijijini.

Anayeumia ni nani? Ni mama ambaye mtoto amekwama wakati wa kujifungua. Mkunga ataitambua hatari mapema, lakini pasipo mtu wa kumpasua, mama huyo ataanza safari ndefu akiwa na uchungu.

Familia zifanye nini?

1. Tuulize katika mikutano ya mtaa na kijiji, na kwa diwani wetu: ikama inataka madaktari wangapi, na waliopo ni wangapi?

2. Mwenye nyumba nzuri karibu na hospitali ampangishie mtumishi mgeni kwa bei ya haki.

3. Tusimdharau kwa ujana wake. Maneno kama "Mtoto huyu atanitibu mimi?" humvunja moyo. Tukiwa na malalamiko, tuyapeleke kwa Mganga Mfawidhi kwa utulivu.

4. Kwa maradhi madogo tuanzie zahanati, ili daktari awahudumie mahututi. Lakini mjamzito anayetoka damu, mwenye degedege, au mwenye uchungu uliopita saa 12, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

5. Tuwatie moyo watoto wetu, wasichana kwa wavulana, wasome fizikia, kemia na baiolojia. Uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kuwa aliyekulia kijijini hukubali kwa urahisi zaidi kurudi kufanya kazi kijijini.

Kuajiri ni kazi ya Serikali, na tuikumbushe bila kuchoka. Kumpokea daktari vizuri ili asitamani kuondoka, hiyo ni kazi yetu sisi wenyeji.