Mzee Mwenye Saratani Akikataa Chakula, Muulizeni na Hali ya Moyo Wake

"Mzee amegoma kula." Ndivyo wasemavyo wengi wanaouguza mzee mwenye saratani, hasa ya umio, ambayo imewaandama sana watu wa Afrika Mashariki. Sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda, na lawama zinaanza: "Babu, usipokula utapona vipi?" Mara nyingi babu hajagoma. Mwili ndio umemkatalia.

Saratani huufanya mwili utoe kwa wingi kemikali za kinga ziitwazo saitokini. Zikiathiri ubongo, hamu ya kula hupotea, na huku misuli inazidi kuyeyuka. Kemikali hizohizo huchangia uchovu na sonona. Tiba kemikali nayo huharibu ladha, nyama ikawa kama chuma mdomoni. Basi mzee anadhoofu, hafiki tena msikitini wala kanisani, anajiona mzigo kwa wanawe, na huzuni hiyo inamkatisha hata ile hamu kidogo iliyobaki.

Ndiyo maana dodoso la G8, linalotumika kuwapima wazee wenye saratani, huuliza kuhusu ulaji na kupungua uzito, na papo hapo likauliza kuhusu sonona na kupoteza kumbukumbu.

Nyumbani, mizani ina kazi kubwa. Mzee wa kilo 60 akipungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni dalili ya hatari. Wagonjwa wa saratani hushauriwa kupata angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu. Kwa hiyo sahani moja iliyojaa mchana haimfai. Mpeni kidogo kidogo, mara tano au sita: mtori laini wenye nyama, uji wa maziwa na karanga zilizosagwa, maharage yaliyopondwa. Na mtu akae naye, wale pamoja.

Sonona ya mzee mara nyingi haina machozi. Huja kwa ukimya, kukosa usingizi, au "niacheni nipumzike" ya kila siku. Watu husema ni uzee. Si uzee, ni ugonjwa, na una tiba. Siku ya kliniki, mwambieni daktari kilo zilizopungua, kisha mwambieni pia kwamba mzee hazungumzi kama zamani.