Matembezi Yetu Katika Nyumba ya Mbogani

Wanachama wengi wametutaka tuwaeleze khabari za safari yetu ya Nairobi, na khasa za ile nyumba ya zamani tuliyokwenda kuitazama siku ya mwisho. Tulikuwa watu kumi na mmoja, Waunguja na Wapemba. Siku ile hatukuwa na shughuli, na mwenyeji wetu akasema haifai wakulima waje Nairobi warudi kwao bila ya kuona shamba. Tukamwuliza, shamba la nini? Akajibu, "La kahawa, lakini kahawa yenyewe hamtaiona." Kwa maneno hayo alitutia hamu.

Nyumba hiyo iko nje ya mji, mahali paitwapo Karen, na vilima vya Ngong vinaonekana kwa mbele yake. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Mwaka 1917 wakahamia Bwana Bror Blixen, naye Mswidi, na mkewe Karen, mtu wa Denmaki, ambao walioana Mombasa mwezi wa Januari 1914, mara tu baada ya Bibi kushuka katika meli. Huyu ndiye Bibi aliyekuja kuandika kitabu mashuhuri juu ya shamba lake, kilichotoka mwaka 1937. Nyumba yenyewe Serikali ya Denmaki iliitoa zawadi kwa Kenya mwaka 1964 kwa ajili ya uhuru, na tangu mwaka 1986 imekuwa jumba la makumbusho.

Mtu aliyezoea majumba ya mjini Unguja asitazamie makubwa. Ni nyumba ya chini, kuta za mawe, paa la vigae, baraza pana mbele na nyuma. Ndani mna chumba cha kulia, chumba cha vitabu na vyumba vya kulala, na mbao zimepigwa ukutani kwa sababu ya baridi. Kijana aliyetuongoza alitwambia wazi kwamba baadhi ya samani ni zake Bibi mwenyewe, na nyingine ziliachwa na watu waliotengeneza filamu ya kitabu hicho, iliyotoka mwaka 1985. Tulimpenda kwa kusema kweli.

Jina la nyumba ni Mbogani, na waongozaji husema maana yake ni nyumba ya msituni. Sisi masikio yetu ya pwani yalisikia mboga tu, na wenzetu wawili wakaenda nyuma ya nyumba kutafuta mchicha.

Bustani ni nzuri kweli. Majani yamekatwa yakawa kama zulia, miti ni mikubwa yenye vivuli, na ukisimama barazani macho yako yanakwenda moja kwa moja mpaka vilimani. Wageni wengi hukaa hapo wakapiga picha, kisha wakaondoka. Nasi tungaliondoka, lau kama mzee wetu mmoja wa Pemba hakuuliza, "Mwanangu, na kahawa ilikuwa ikikaushwa wapi?" Kijana akafurahi, akatupeleka pembeni, chini ya miti, akatuonyesha mashine.

Ni pipa kubwa la chuma, limelala ubavu, la kuzungushwa na buni zikiwa ndani mpaka zikauke. Sisi tunaoanika karafuu juu ya majamvi na sakafu, tukitazama mawingu kwa khofu, tulilizunguka pipa lile kwa muda mrefu zaidi ya tuliokaa ndani ya nyumba. Mmoja wetu alitia kichwa ndani, akasema laiti tungekuwa na kitu kama hiki mwaka ule mvua iliponyesha wiki nzima na karafuu zikaota ukungu. Kisha tukauliza khabari za shamba, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mazito.

Shamba lilikuwa kubwa, eka kama 6,000 kwa jumla. Katika hizo, eka 600 zilipandwa kahawa, miche 600 kwa kila eka, yaani mibuni kiasi cha 360,000. Kampuni ya kuliendesha ilianzishwa mwaka 1916 kwa fedha za jamaa zake Bibi huko Denmaki. Mbuni, kama mkarafuu, haukupi kitu kwa haraka. Hukaa miaka minne au mitano ukila fedha kabla haujakulipa. Lakini shida kubwa ilikuwa ardhi yenyewe. Pale ni juu mno, karibu futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, panapiga baridi, na mvua ikikosa hukosa kweli kweli. Udongo nao haukupatana na mibuni. Wenzake waliopanda kahawa mahali pa chini zaidi, kama Thika, walivuna vizuri; yeye alipalilia na kupogoa na kutia mbolea, na mavuno yakawa hayafiki alipokusudia. Mwaka 1923 kiwanda chake cha kahawa kikaungua moto. Alikwishaachana na mumewe, na mzigo wote wa shamba ulikuwa juu yake. Kisha bei ya kahawa ikaanguka ulimwenguni, nzige nao wakaja. Jamaa zake wakachoka kutoa fedha, na mwaka 1931 shamba likauzwa. Aliyelinunua akalikata viwanja vya eka 20 vya kujengea nyumba.

Bibi huyu hakuwa mvivu, wala hakuwa mpumbavu. Alikaa miaka kumi na saba akipigana na ardhi isiyotaka kile alichoipa. Twataja jambo hili kwa sababu wako wanachama wetu ambao mwaka huu wameomba miche ya kupanda katika ardhi ya maweni, na wamekasirika kamati iliposita. Mkarafuu wataka udongo wa kina, na yule aliyepanda juu ya jiwe ataona majani miaka michache, kisha jua la kiangazi litamwonyesha. Huyo mzee wetu aliyeuliza juu ya mashine ni mmoja wa walioomba miche hiyo. Tulimtazama, naye akatutazama. Hatuna hakika kama amebadili nia.

Mambo ya deni hatukuhitaji kuelezwa sana. Wazee wetu wa miaka ya 1930 walikuwa na mashamba mengi rehani, mpaka mwaka 1934 Serikali ya Unguja ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasiponyoke mikononi mwa wenyewe. Tofauti ni kwamba Bibi Blixen alipofilisika alikuwa na kwao pa kurudia, Denmaki, na huko akapata jina kubwa kwa kalamu yake.

Mzee wetu akauliza tena, "Na watu wa hapa, walikwenda wapi?"

Kijana alikaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Akaeleza kwamba Wakikuyu waliokuwa wakikaa katika shamba lile walikuwa na vibanda vyao, na ng'ombe na mbuzi wao, na sehemu za kulima mahindi. Kwa haki ya kukaa hapo iliwapasa kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kila mwaka. Ardhi ilikuwa katika nchi ya juu iliyotengwa kwa Wazungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata kipande. Shamba lilipouzwa waliambiwa waondoke. Wakaomba jambo moja, wasitawanywe, wapelekwe mahali pamoja na mifugo yao. Bibi Blixen, kama alivyoandika mwenyewe, alikwenda kwa wakubwa wa Serikali, ofisi hata ofisi, kuwaombea, na mwishowe wakapewa sehemu katika msitu wa Dagoretti.

"Basi waliombewa ardhi katika nchi yao," akasema mzee.

"Ndiyo, mzee wangu," akajibu kijana.

Hatukupata la kuongeza. Twakubali kwamba Bibi yule aliwafanyia wema ambao wengi hawakuufanya. Lakini neno la mzee lilitufuata mpaka garini. Njiani tulitazama kushoto na kulia, tukaona nyua za maua, mageti makubwa na paa za nyumba za matajiri. Mbuni hatukuuona hata mmoja.

Mwanachama atakayekwenda Nairobi, nyumba hufunguliwa kila siku. Achukue sweta, na akimaliza vyumba asirudi. Aulize ilipo mashine ya kukaushia.