Majina ya Taa katika Hati za Kuagiza

Ndugu Makatibu,

Katika maduka ya umeme ya Sinza, mteja aombaye taa huulizwa mara moja: taa nzima, au globu yake? Hati ya Kiingereza iendayo kwa mwagizaji wa bidhaa haina wa kuuliza swali hilo, na hapo ndipo chama huweza kuingia hasara.

Neno lipotoshalo zaidi ni "lamp". Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni taa, nasi twaliandika bila wasiwasi. Lakini katika lugha ya biashara ya umeme "lamp" ni globu peke yake, kile kitu kibadilishwacho kinapoungua. Taa nzima, pamoja na holda, kifuniko na nyaya zake, huitwa "luminaire", au, kwa desturi ya Waingereza, "light fitting". Chama kinachohitaji taa kamili za ghala kikiandika "lamps", kitaletewa makasha ya globu zisizo na pa kufungwa, na muuzaji hatakuwa na kosa.

Kitako nacho kitajwe: B22 ni cha pini mbili, E27 ni cha skrubu. Tarakimu hizo ni kipenyo kwa milimita. Volti ziandikwe 230. Wati hupima umeme unaotumika, wala si mwanga; mwanga hupimwa kwa lumeni. Globu ya LED ya wati 9 yaweza kutoa lumeni 800 hivi, karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60.

Inafaa pia kuambatisha mchoro, hata wa kalamu ya risasi.