Von Lettow na njaa ya Mtunya



Juzi kwenye basi mzee mmoja wa Kiingereza, aliposikia natokea Dodoma, alianza kunisifia Paul von Lettow-Vorbeck: eti jenerali muungwana, hakushindwa kamwe. Sikushangaa sana. Kambi ya hapa Hounslow ilikuwa zamani makao ya Royal Fusiliers, na batalioni yao ya 25 ilipelekwa Afrika Mashariki mwaka 1915 kupigana naye. Mwindaji Selous alikuwamo. Aliuawa Beho Beho Januari 1917. Nadhani kumsifu adui ni njia nzuri ya kueleza kwa nini hukumkamata.

Lakini huyu bwana alipandaje? Alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, mtoto wa afisa wa jeshi. Alipigana China, kisha mwaka 1904 akatumwa Namibia ya leo, chini ya yule von Trotha aliyeamuru Waherero waangamizwe. Hapo uungwana wake kwangu unaanza kutia shaka. Alishuka Dar es Salaam Januari 1914. Vita vilipoanza, Gavana Schnee hakuvitaka. Yeye alivitaka, kwa hesabu kwamba kila mwanajeshi Mwingereza atakayeshughulika huku hatakuwa Ufaransa. Novemba 1914, pale Tanga, akiwa na watu kama 1,000 aliwarudisha melini wanajeshi wapatao 8,000 waliotoka India. Jina likatoka. Mwaka 1916 akapewa nishani kubwa ya Prussia, mwaka uliofuata akawa meja jenerali.

Sasa jamani, jeshi hilo lilikula nini? Meli mbili tu za Kijerumani zilipenya kumletea shehena, nazo hazikuweza kulisha miaka minne. Lilikula vya wenyeji. Kwetu Ugogo walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia, nao wakachukua kilichosalia. Halafu mvua zikakosekana. Ndiyo njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, maelfu walikufa. Bibi yangu alizaliwa baadaye, lakini hakutaja tarehe kwa namba: jambo lilikuwa kabla ya Mtunya, au baada.

Von Lettow mwenyewe alikwisha vuka Ruvuma Novemba 1917. Alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Walihesabiwa Wajerumani 155 na askari 1,168. Wapagazi wake waliofia njiani hakuna aliyewahesabu sawasawa. Berlin ikampokea kishujaa mwaka 1919. Mwaka 1920 akajitia katika jaribio la kuipindua serikali, akapoteza kazi ya jeshi.

Alifariki Hamburg Machi 1964. Mwaka huohuo serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wake wazee waliobaki hai malimbikizo ya mishahara. Askari, nimesema.

Mzee wa basini alishuka kabla sijafika Ugogo na hadithi yangu, ndiyo maana nawaandikia ninyi.