Je, Wajua? Jua la Kakamega Likichomoza

Kuna watu wanaosafiri nusu ya dunia, wakaamka saa kumi usiku na kupanda kikapu cha puto ili tu walione jua likichomoza juu ya mahekalu ya kale. Kakamega, magharibi mwa Kenya, nayo ina kilima chake, ina mahali pake patakatifu, na jua lake halijawahi kukosa kuchomoza. Soma haya, kisha utege saa yako.

Kabla ya mapambazuko

Je, wajua kwamba Kakamega huliona jua kama dakika 20 baada ya Mombasa? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika nne. Mombasa iko karibu nyuzi tano mashariki ya Kakamega. Piga hesabu.

Je, wajua kwamba mwaka mzima jua la Kakamega halichomozi kabla ya saa 12:15 asubuhi wala halivuki saa moja kasoro dakika tano? Mstari wa Ikweta uko kilomita 30 na kitu tu kusini mwa mji. Ndiyo maana mchana na usiku hapa hukaribia kulingana, Januari hadi Desemba.

Je, wajua kwamba mapambazuko yetu ni mafupi? Kwenye Ikweta jua hupanda wima badala ya kuambaa upeoni. Tangu mwanga wa kutosha kuiona njia hadi jua kutokeza, huna zaidi ya dakika 20 na ushei. Ukichelewa kufunga viatu, umekosa.

Je, wajua anayeamka wa kwanza katika Msitu wa Kakamega? Ni mbega, yule mweusi mwenye joho jeupe mgongoni. Dume hunguruma kabla hakujapambazuka, na dume wa kundi jirani humjibu, hadi bonde zima likavuma. Mbega hana kidole gumba, lakini huruka kutoka mti hadi mti bila kukosea.

Kileleni Lirhanda

Je, wajua kwamba Msitu wa Kakamega ndio kipande pekee nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo? Zamani msitu huo ulitanda kutoka Afrika ya Kati, na hiki ndicho kilichobaki upande wa mashariki kabisa. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933. Sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

Je, wajua kwamba Kilima cha Lirhanda, ndani ya msitu huo, hukupa mandhari ya puto bila puto? Unaanza kupanda gizani, umande ukikulowesha hadi magotini. Ukifika juu, huoni miti: unaona ukungu mweupe umetandazwa kama maziwa yaliyomwagika, na vilele vichache vya miti mirefu vikichungulia. Mashariki umekaa ukingo wa milima ya Nandi, mweusi. Kisha mstari mwembamba wa dhahabu unatokea juu yake, ukungu unaanza kuvunjika vipandevipande, na kijani kinajitokeza. Siku ya anga safi, Mlima Elgon huonekana kaskazini.

Je, wajua kwamba hondohondo akipita juu yako utamsikia kabla ya kumwona? Mabawa yake huvuma kama mtu apepetaye kwa ungo mkubwa.

Je, wajua kwamba ndani ya kilima hicho mna handaki la wachimba dhahabu, na wakazi wake leo ni popo? Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, wazungu wakamiminika. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria iliyokuwa imepitishwa miaka miwili tu awali kulinda ardhi za Waafrika, ili uchimbaji upate njia. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952.

Puto angani

Je, wajua kwa nini maputo hurushwa alfajiri? Jua likishapasha ardhi, hewa ya moto hupanda kwa vurugu na puto huyumba. Alfajiri hewa imetulia na ina baridi, na kadiri hewa ya nje ilivyo na baridi ndivyo hewa ya moto ya ndani inavyobeba zaidi.

Je, wajua kinachoinua puto? Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 20 ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ipashe hadi nyuzi 100, itapungua hata isifike kilo moja. Tofauti ni kama robo kilo tu, kwa hiyo kuinua tani moja kunahitaji mita za ujazo 4,000 za hewa ya moto.

Je, wajua kwamba puto halina usukani? Rubani hupanda au kushuka kuutafuta upepo unaokwenda anakotaka, kwa maana pepo za juu na za chini hutofautiana mwelekeo.

Je, wajua abiria wa kwanza wa puto la hewa moto? Kondoo, bata na jogoo, huko Versailles, Ufaransa, tarehe 19 Septemba 1783. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Novemba, watu wawili walipaa juu ya Paris.

Je, wajua kwamba Zanzibar imo katika mojawapo ya hadithi mashuhuri za puto? Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya ya wasafiri watatu wanaoruka kwa puto kutoka Zanzibar, wakalivuka bara hadi Senegali. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake waliruka kweli kutoka Zanzibar hadi Tanganyika, kwa puto la hidrojeni lililoitwa Jambo. Mmoja wa wenzake, mpiga filamu Alan Root, ndiye aliyeanzisha safari za maputo ya watalii Maasai Mara mwaka 1976.

Mahekalu yao, mahekalu yetu

Je, wajua kwamba Bagan, nchini Myanmar, ina mahekalu na mabaki ya majengo ya ibada zaidi ya 2,000, mengi ya karne ya 11 hadi ya 13? UNESCO iliutambua mji huo kuwa urithi wa dunia mwaka 2019, na picha ya maputo juu ya minara yake imezunguka dunia nzima.

Je, wajua kwamba mababu wa Waluhya hawakujenga mahekalu ya matofali, lakini walikuwa na saa ya ibada na mahali pa ibada? Saa ilikuwa hii hii ya alfajiri. Mzee wa boma alitoka nje, akalielekea jua linalochomoza, akatema mate ya baraka na kumwomba Mungu siku njema kwa watu wake. Mahali palikuwa mawe ya matambiko uani, mti mkubwa, au jabali.

Je, wajua jabali mashuhuri kuliko yote? Ni Ikhongo Murwi, Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu. Limesimama kama mtu aliyeinamisha kichwa, urefu wake karibu mita 40. Katikati ya uso wake kuna mfereji ambamo maji huteremka na kuacha alama nyeusi, kama njia ya machozi shavuni.

Je, wajua kwamba alfajiri ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, ina ngoma yake? Siku ya kupiganisha mafahali, fahali hutolewa zizini asubuhi na mapema, akasindikizwa kwa ngoma za isukuti hadi uwanjani. Ngoma ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapo ndipo neno lao hujaribiwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Jua likishapanda

Je, wajua kwa nini mgeni huambiwa atembee asubuhi? Mchana upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda na kukutana na miinuko ya Nandi. Jioni ikikaribia, radi huitikia. Kakamega hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na sehemu kubwa huja baada ya adhuhuri.

Je, wajua kwamba mvua hiyo ndiyo inayouweka hai msitu, na msitu nao huzihifadhi Yala na Isiukhu, mito inayopita ndani yake? Kila gogo la mkaa linalokatwa kwa siri hupunguza ukungu ule mweupe wa Lirhanda.

Mahekalu ya matofali yakibomoka, mafundi huyajenga upya. Msitu wa kale ukikatwa, hakuna fundi. Basi amka siku moja, mshike mwanao mkono, mpande Lirhanda kabla ya saa kumi na mbili. Aliyeliona jua likichomoza pale hatakubali shoka liingie.